Binti yangu anasema nikitoka misa nakuwa mkali, naombeni ushauri

MamaMahamri

Tumsifu Yesu Kristo ndugu zangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Malindi huku upande wa Maweni, asubuhi nauza mahamri na mbaazi na jioni viazi karai, baba yao yuko kazini Mombasa anakuja mwisho wa mwezi. Huwa nasoma tu humu siandiki, lakini hili limenikaa kooni tangu Jumapili na sina wa kumwambia manake karibu wote ninaowajua ni wa kanisani.

Ni hivi. Tumetoka misa ya pili tunarudi nyumbani kwa miguu na lile jua la saa tano, mimi mbele watoto nyuma, binti yangu mkubwa ana miaka 14 akanifikia akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, mama mbona kila tukitoka kanisani unakuwa mkali, siku za kazi uko afadhali. Hakuwa na ujeuri, alikuwa anauliza tu. Sikumjibu. Nikamwambia ashike mdogo wake mkono atembee haraka. Usiku nikikanda unga machozi yakanitoka, kwa sababu nilijaribu kukumbuka Jumapili moja tu niliyorudi nyumbani nikicheka na sikuipata.

Na si kwamba nimelala katika imani. Mimi ndiye mweka hazina wa jumuiya yetu ndogondogo ya kanisa, Alhamisi sikosi, CWA (chama cha wanawake Wakatoliki) niko, Njia ya Msalaba Ijumaa za Kwaresima sijakosa tangu niolewe, na kila usiku saa tatu lazima Rozari nzima hapa nyumbani, matendo yote matano (yale matukio ya Yesu na Maria tunayoyatafakari) na litania, hata wa mwisho akisinzia namwamsha. Lakini wiki hiyohiyo mzee mmoja mvuvi namjua miaka mingi aliniomba mahamri manne kwa deni kwa sababu bahari imechafuka hawakutoka, nikamjibu vibaya mbele ya watu. Akaondoka kimya. Na mimi nikaendelea na Salamu Maria pale nilipokuwa nimeachia, rozari mfukoni mwa leso.

Kinachoniuma zaidi ni mamangu, sasa ni marehemu. Kusoma hakujua, na kigango kilikuwa mbali (nasema kigango cha kanisa, si zile nguzo Wagiriama wanazowasimamishia wazee waliofariki), aliondoka gizani akarudi saa nane mchana, na tulijua anakaribia kwa sababu tulimsikia anaimba kabla hatujamwona, tunatoka mbio kumpokea. Watoto wangu mimi hawanikimbilii.

Sasa nauliza, nipunguze haya mambo? Nikipunguza si ndo kuwa vuguvugu? Na hii furaha tunayoiimba kila Jumapili ni kitu cha kusubiri kije chenyewe ama kuna njia ya kuifuata? Niambieni ukweli hata kama unauma.

Kaka_Muyeye

Milele na milele amina mama. Mimi nasema punguza. Kwa kazi ya mahamri naona unaamka saa tisa usiku, unalala saa tano, hapo hakuna mtu atakayecheka. Naendesha tuktuk, siku nikikosa usingizi hata abiria akinisalimia naona kama ananitukana. Lala kwanza halafu ndo ujue kama shida ni imani ama ni usingizi.

Tereza_Barani

Naomba nimpinge kaka hapo juu kidogo, kwa heshima. Si kila kitu ni uchovu, na tukianza kupunguza kila tusipojisikia vizuri tutabaki na nini? Mama Teresa wa Kalkuta barua zake zilipotolewa 2007, miaka kumi baada ya kufariki, watu walishangaa, kumbe miaka karibu 50 alikuwa anasali na ndani ni giza tupu, hasikii chochote, na bado asubuhi anaamka anaenda kwa maskini na akifika anatabasamu. Kanisa limemtangaza mtakatifu 2016 na hilo giza linajulikana. Kwa hivyo dadangu usidhani kutosikia raha kwenye sala ni dalili kwamba umepotea. Shikilia. Lakini nakubali jambo moja, yeye giza lake alimwambia Mungu na mapadre waliomwongoza, wale maskini hakuwatupia. Hapo ndo mimi na wewe tunakosea, nami nimo, mume wangu anajua.

Nuru_KisumuNdogo

Mama mimi nina swali moja tu. Misa ikiisha, kabla hujashika njia ya nyumbani, huwa unafanya nini?

MamaMahamri

Nuru nimekaa na swali lako tangu jana. Misa ikiisha natoka haraka kabla ya wimbo wa mwisho kuisha, nasimama pale chini ya mwarobaini na daftari la jumuiya, manake ukichelewa watu wametawanyika na michango haijatimia na mwenyekiti ananiuliza mimi. Kwa hivyo nadai. Huyu bado mia mbili ya ujenzi, yule hajatoa ya msiba, mwingine akiniona anapitia mlango wa pili. Watoto wananisubiri juani. Sikuwahi kuviunganisha hivi vitu viwili mpaka nilipokuwa nakuandikia jibu.

Nuru_KisumuNdogo

Pole sana mama. Binti yako amekuona akakusoma vizuri.

Katekista_Mstaafu

Mwanangu, nimesoma yote mara mbili. Nimefundisha mafundisho tangu jimbo letu la Malindi halijakuwepo, tulikuwa chini ya Mombasa bado, jimbo limekuja 2000, kwa hivyo uniruhusu niandike kirefu kidogo.

Hilo daftari. Maaskofu wa Afrika Mashariki miaka ya 1970 walipoamua Kanisa lijengwe kwa jumuiya ndogondogo, nia yao ilikuwa majirani wasome Neno pamoja, wajuane nani mgonjwa, nani amefiwa, nani amelala njaa. Michango siipingi hata kidogo, bati halishuki kutoka mbinguni. Lakini mtu ametoka kupokea Komunyo sasa hivi, kitu cha kwanza anachokutana nacho nje ni deni lake, tena linasomwa kwa sauti. Na wewe pia umempokea Bwana dakika kumi tu zilizopita na hata nafasi ya kumwambia karibu hukuipata, ulikuwa mlangoni na kalamu. Ile michango ichukue Alhamisi kwenye jumuiya, mmekaa, mmesali, kila mtu anajua mwenzake ana nini. Mwenyekiti akikataa mwambie huduma ya hazina utaifanya Alhamisi, Jumapili hapana. Huo si uvuguvugu.

Sasa Rozari. Wewe unaisali kila siku kwa hivyo haya unayajua, mimi nakukumbusha tu. Jumatatu na Jumamosi tunasali matendo ya furaha, hebu yatazame vizuri ni furaha ya namna gani. Tendo la pili Maria ana mimba changa anashika njia ya milimani kumtembelea Elizabeti, na Luka anasema alikaa huko kama miezi mitatu, na mtu hakai miezi mitatu kwa mjamzito mzee bila kuteka maji na kupika. La tatu mtoto anazaliwa zizini. La nne, siku ile ile ya kumtoa mtoto hekaluni, Simeoni anamwambia mama upanga utapenya roho yako. La tano mtoto amepotea siku tatu, wazazi wanamtafuta wakiwa na uchungu. Na Kanisa yote haya linayaita ya furaha! Nimeyafundisha miaka mingi kabla halijanigusa hilo. Furaha hapo haikungoja shida ziishe, lakini pia angalia, katika yote matano kuna mtu anamwendea mtu. Maria anamwendea Elizabeti, wachungaji wanakwenda zizini, wazazi wanarudi Yerusalemu kumtafuta mtoto wao. Wewe umesali ukimpita yule mzee. Mwendee.

Na watoto, wapunguzie bila hofu. Sali nao tendo moja wakiwa macho, waache wachague wimbo, huyo mdogo ashike mshumaa, kisha walale. Manne yaliyobaki yamalizie wewe ukikanda unga. Rozari nzima haijawahi kuwa amri kwa mtoto wa miaka sita, na ukimfinya ili asali atakachokumbuka akiwa mkubwa ni kufinywa.

Jambo la mwisho nililokuwa nawasimulia watoto wa kipaimara. Lile kanisa dogo la makuti la Wareno karibu na ufuo mnalijua, lenye makaburi. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, na hapa hapa alimzika mtu mmoja wa merikebuni. Alipofika Goa akaandika barua, na ndani yake anasimulia kwamba mkubwa mmoja Mwislamu wa mji huu alimuuliza kama kwao Wakristo makanisa yanaendewa, na kama watu wanasali kwa moyo, kwa sababu hapa ibada imepoa, misikiti iko 17 na ni 3 tu inayoendewa. Mimi nampenda sana yule mzee japo jina lake halikuandikwa. Alikuwa na mgeni wa dini nyingine mbele yake na angeweza kujisifu, lakini akamwambia kinachomuuma. Mama, swali lako lina karibu miaka 500 katika mji huu.

BintiAmu

Assalamu alaikum. Mimi ni Mwislamu, wa Lamu, Langoni, huwa naingia humu kwa mambo ya biashara lakini uzi huu umenishika. Mzee katekista hilo la misikiti halijaniudhi wallahi, imamu wetu husema maneno kama hayo na yeye hajaisoma hiyo barua.

Mama mahamri, nikwambie kuhusu bibi yangu aliyenilea. Akishaswali alfajiri haongei na mtu mpaka amalize uradi wake, halafu anainuka anapika chai na kikombe cha kwanza si cha babu wala si chetu, ni cha jirani mjane, napelekwa mimi na giza bado lipo kichochoroni, napishana na punda. Nilikuwa nanung'unika. Sasa nina watoto wangu na nikijiuliza nani alinifanya nipende swala, si ustadhi wa madrasa ingawa alinifunza vizuri, ni kile kikombe. Mtoto husoma dini kwenye uso wa mzazi kabla hajasoma kitabu. Wako amekusoma na akathubutu kukwambia, ina maana hajakuogopa kiasi hicho unachofikiri. Wangu mimi asingethubutu, na hilo limenifanya nikae nifikirie nyumba yangu.

Jikoni_Casuarina

Mimi niko jikoni hotelini, Jumapili mara nyingi niko zamu kwa hivyo naenda misa ya Jumamosi jioni, inahesabika ni ya Jumapili kabisa kwa wanaouliza. Nikiwa kazini kitu kimoja kinachonishika ni sala ya Malaika wa Bwana saa sita mchana. Chakula cha mchana ndo kinaanza kutoka, kelele, mpishi mkuu anaita, mimi naweka kisu chini dakika moja nasali kimoyomoyo narudi. Wenzangu walizoea, mmoja Mwislamu akiona nimesahau ananiambia saa sita hiyo. Mtakatifu Teresa wa Avila aliwaambia masista wake kwamba Bwana anatembea hata katikati ya sufuria, kwa hivyo mama kwenye karai lako pia yupo, usidhani umemwacha kanisani. Mimi nilianza kwa kuwaombea wanaokula. Sahani ikitoka nasema Bwana huyu atakayekula, basi. Hata sala nyingine nikiikosa hiyo haikosekani manake sahani hazikosekani.

Kaka_Muyeye

Mzee katekista nimekubali. Lakini usingizi bado nasema alale.

Katekista_Mstaafu

Alale kabisa. Eliya alipochoka akaomba afe, malaika hakumhubiria, alimpa mkate na maji akamwacha alale tena.

MamaMahamri

Nimerudi, zimepita kama wiki mbili, samahani kwa kimya, simu ilikuwa na shida na pia nilikuwa naona haya kidogo.

Mwenyekiti hakufurahi ila amekubali, daftari linafunguliwa Alhamisi tu. Jumapili ya kwanza bila daftari nilibaki kwenye benchi hata wimbo wa mwisho ulipoisha, sikuwa na maneno, nilikaa tu, watoto wakakaa na mimi wakidhani kuna tangazo. Jumamosi kabla yake nilikuwa nimeungama. Nilimwambia padre kuhusu yule mzee nikilia kama mtoto.

Mzee mwenyewe nilimtafuta siku tatu, kumbe bahari ilitulia wametoka. Jumanne akapita, nikamfungia mahamri sita na mbaazi nikamwomba msamaha palepale mbele ya wateja kwa sababu nilimuumiza mbele ya watu. Akasema mwanangu mimi nilishasahau. Sijui kama ni kweli ama alinisitiri. Jioni alileta samaki tasi wawili wamefungwa kwa jani la mnazi akawaacha kwenye meza akaenda zake.

Rozari tunasali tendo moja na watoto. Wa mwisho ndiye mshika mshumaa na sasa yeye ndiye anayetuita, saa mbili na nusu ameshasimama na kiberiti. Binti nilimwambia asante kwa kuniuliza lile swali, akatazama chini akasema alidhani nitampiga. Hilo nimelibeba bado.

Tereza, Alhamisi nilipaza sauti tena, maziwa yalimwagika na nilikuwa nimechelewa. Lakini niliwaomba msamaha kabla hawajalala. Na dada wa Lamu, Mungu akubariki wewe na bibi yako, mahamri ya kwanza kutoka karaini sasa yanaenda kwa jirani, anapeleka binti yangu na ananung'unika vilevile ulivyosema.

Naenda kuloweka mbaazi, kesho mapema.