Umbali wa anga kati ya Nairobi na New York: je, rubani anazunguka?

Mzazi wa Ruiru: Ndugu wanajukwaa, salaam. Binti yangu anatarajia kusafiri kutoka Nairobi kwenda New York kwa ndege ya moja kwa moja. Nimetazama njia ya ndege hiyo mtandaoni, nikaona inapanda kuelekea Sahara na Morocco, ilhali nikiweka rula juu ya ramani ya ukutani mstari unapita Mali na Mauritania. Je, rubani anazunguka? Na umbali wenyewe ni kilomita ngapi?

Mwalimu wa Jiografia: Hazunguki hata kidogo, mzee wangu, inayopotosha ni ramani, kwa sababu dunia ya mviringo imetandazwa kwenye karatasi bapa. Chukua tufe na uzi, shikilia ncha moja Nairobi na nyingine New York, kisha uukaze. Utauona ukipita Uganda, Sudan Kusini, pembe ya Darfur nchini Sudan, Chad, Niger, Algeria na Morocco, ukivuka Atlantiki huku ukipanda hadi takriban digrii 42 za latitudo ya kaskazini, yaani kaskazini kuliko New York yenyewe, ndipo ushuke kidogo kuingia mjini. Njia hiyo ina takriban kilomita 11,840. Anayeshika uelekeo mmoja wa dira mwanzo hadi mwisho, kama rula yako inavyotaka, angesafiri karibu kilomita 12,190, na hizo 350 za ziada ni mafuta yanayopotea bure.

Abiria Mkongwe: Naongeza kwamba hicho ndicho kipimo cha chini kabisa, kwani ndege hukwepa dhoruba na anga zilizofungwa, kama ya Sudan tangu vita vilipozuka Aprili 2023. Anayeunganisha ndege Amsterdam husafiri takriban kilomita 12,500, ambazo si mzunguko mkubwa. Anayepitia Dubai hufikia 14,500, kwa kuwa huanza safari kwa kwenda mashariki.

Mzazi wa Ruiru: Nashukuru sana. Lakini ikiwa umbali ni ule ule, mbona ratiba inaonyesha kwenda ni saa 15 na kurudi 14?

Mwalimu wa Jiografia: Ni upepo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini, katika kimo ambacho ndege hizi huruka, upepo mkali huvuma kutoka magharibi, hivyo humkabili anayekwenda Marekani na kumsukuma anayerudi.

Abiria Mkongwe: Nairobi nayo ina ugumu wake. Kiwanja kiko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini hupungukiwa nguvu wakati wa kupaa, nayo ndege hiyo huondoka imebeba mafuta ya usiku kucha. Safari hii ilipoanza Oktoba 2018 kwa Boeing 787-8, uzito wa abiria na mizigo ulilazimika kupimwa kwa makini sana. Kuondoka usiku husaidia, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito zaidi.