Kuota meno yanang'oka, hivi Wagiriki wa kale walitafsirije?

Mleta mada:
Wakuu salaam. Juzi nimeota jino limedondokea kiganjani, damu hakuna, nalitazama tu, nikaamka jasho chapachapa. Bibi akasema hiyo ni dalili ya msiba. Sasa kuna mtu kaniambia hata Wagiriki wa zamani walikuwa na kitabu kizima cha ndoto na meno yamo humo, ni kweli? Anayejua naomba anisaidie, toka siku hiyo sipati usingizi.

Jibu 1:
Pole sana mkuu. Kweli kipo, kinaitwa Oneirocritica, kaandika Artemidorus wa Efeso karne ya 2 baada ya Kristo, viko vitabu 5 na viwili vya mwisho kamwandikia mwanae. Kwake yeye mdomo ni nyumba na meno ndo watu wa humo ndani, ya kulia wanaume, ya kushoto wanawake, ya mbele vijana, magego wazee. Ila anasema pia mwenye madeni akiota meno yanatoka basi atalipa madeni yake! Ndo maana alikuwa anataka ajue kwanza wewe ni nani, unafanya kazi gani, tajiri au maskini, kwenu mila zikoje, maana ndoto moja kwa watu wawili sio kitu kimoja.

Mleta mada:
Mkuu umenitisha. Lilikuwa gego la kulia, na babu kalazwa wiki ya pili leo.

Jibu 2:
Ndugu yangu tulia kwanza, Artemidorus huyohuyo kaligusa hilo. Ndoto kazigawa mbili, kuna oneiros ndo yenye habari ya mbele, na kuna enhypnion, hii inatokana na hali uliyolala nayo, mwenye njaa anaota anakula, mwenye hofu anaota anachokihofia, na hii ya pili alisema haitabiri chochote. Wewe unashinda hospitali unamuwaza babu halafu usiku unaota gego, hiyo ni hofu yako tu.

Jibu 3:
Niongezee kidogo, hicho kitabu Hunayn ibn Ishaq alikitafsiri kwa Kiarabu karne ya 9, na watu wa taabiri wakakitumia sana. Kwahiyo hata vitabu vya ndoto vya Kiarabu Wagiriki wamo ndani yake.

Mleta mada:
Asanteni sana wakuu, hasa wa jibu la pili. Saa kumi nampelekea babu uji, bibi nitamweleza hukohuko wodini.