Vokali zinachelewa biti na kuna mvumo hauishi, naomba msaada

alto_wa_igoma
Wakuu habari zenu. Kwaya yetu inataka kurekodi demo kabla hatujaenda kulipia studio, na kazi hiyo nimepewa mimi, narekodia hapa nyumbani Igoma, Mwanza. Nina laptop ya Windows, programu ya kurekodi ya Audacity, saundi kadi ndogo ya USB na maiki ya kondensa. Kuna mvumo wa zzzzz muda wote hata kukiwa kimya kabisa, cha ajabu nikishika bodi la chuma la saundi kadi unapungua, nikiachia unarudi. Nikiuondoa kwa Audacity unaondoka kweli ila sauti ya mtu inabaki kama anaimba kichwa kikiwa ndani ya ndoo. Halafu biti, mwimbaji anaimba sawasawa kabisa ila tukija kusikiliza vokali ziko nyuma, na hata wakati anaimba anaisikia sauti yake kwenye hedifoni ikichelewa mpaka anapotea. Ukutani tumebandika trei za mayai ila mwangwi upo palepale. Nianzie wapi jamani, Jumamosi watu wanakuja.

fundi_nyakato
Dada hapo kwenye kushika chuma mvumo ukapungua ndipo penye jibu, huo ni umeme, maiki yako haina shida. Chomoa chaja, laptop ibaki na betri tu, rekodi kimya kidogo usikilize. Kama umekata basi chaja ndiyo inaleta, nyingi zina miguu miwili tu hazina earth (waya wa kupeleka umeme ardhini) kwahiyo kuna umeme kidogo unavuja unapita kwenye bodi la laptop na kuingia kwenye waya wa USB, ndiyo maana wengine wakigusa laptop ikiwa inachaji wanahisi kama ganzi kwenye vidole. Ukishika chuma mwili wako unakuwa njia ya huo umeme ndio unasikia unapungua.

Kwahiyo Jumamosi chaji ijae, rekodi kwa betri, mkipumzika unachomeka tena. Angalia na ekstensheni, zipo zina matundu matatu lakini ukifungua ndani waya wa earth haupo, na ile tabia ya kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie ndiyo hivyohivyo, earth hakuna. Na tafadhali sana asije mtu akakushauri ukate mguu wa earth kwenye plagi ili mvumo uishe, umeme wetu ni volti 230, huo mguu upo kwa ajili ya uhai wako.

Kama hata kwa betri bado kuna mmmm nzito ya chini, hiyo ni Hz 50 ya umeme wa ndani ya nyumba, sogeza waya wa maiki mbali na nyaya za umeme, mbali na friji pia.

prodyuza_kirumba
Mimi niseme kuhusu kuchelewa, hapo kuna vitu viwili tofauti na watu wengi wanavichanganya.

Cha kwanza ni kujisikia kwa kuchelewa wakati unaimba. Sauti inaingia kwenye kompyuta, inazunguka, inarudi, huo mzunguko una muda wake. Kwenye Audacity zima ile sehemu ya kusikiliza maiki kupitia programu, halafu hedifoni chomeka kwenye saundi kadi yenyewe sio kwenye laptop, saundi kadi nyingi zina swichi ya kusikia maiki moja kwa moja, washa hiyo. Mwimbaji ataisikia sauti yake papo hapo.

Cha pili ni vokali kukaa nyuma ya biti baada ya kurekodi. Audacity ina namba ya kufidia huo ucheleweshaji kwenye mipangilio ya kurekodi, inakuja ikiwa -130 milisekunde, hiyo ni ya kukadiria tu haijui mashine yako. Tengeneza traki ya metronomu (mlio wa kuhesabu mapigo), sogeza hedifoni mpaka iguse maiki, rekodi ile tik tik inavyolia, kisha zumu sana uone tik iliyorekodiwa imepishana kiasi gani na ya mwanzo. Kama imechelewa milisekunde 40 unafanya -130 inakuwa -170, unarudia kipimo mpaka zikae pamoja. Ukibadilisha saundi kadi au bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kuipitisha) unapima upya.

Na hakikisha Windows, saundi kadi na projekti vyote viko kwenye Hz zilezile (hapa ni idadi ya sampuli za sauti kwa sekunde), 44100 kote au 48000 kote. Faili la 48000 likisomwa kama 44100 biti inakuwa nzito na inashuka karibu toni moja isiyotimia, kwaya nzima mtaimba ufunguo ambao sio.

mkazi_wa_bwiru
Trei za mayai haziwezi kuua mwangwi dada, ni karatasi nyepesi, zinagusa sauti za juu kidogo tu. Mwangwi unauawa na vitu vizito na laini. Ning'iniza mablanketi mazito nyuma ya mwimbaji na pembeni, sio nyuma ya maiki peke yake, maana maiki inatazama mdomo na kilichoko nyuma ya huo mdomo. Godoro likisimamishwa ukutani linafanya kazi nzuri sana. Mwimbaji akae kama shubiri moja toka kwenye maiki, hapo utaweza kushusha geini (nguvu ya kukuza sauti ya maiki) na chumba kitasikika kidogo.

Mvua ikianza kupiga bati acheni, hakuna efekti itakayoitoa. Huku kwetu karibu na ziwa usiku vyura hawaachi nafasi, mimi narekodi asubuhi mapema.

alto_wa_igoma
Mungu awabariki. Nimechomoa chaja mvumo umekata palepale, na nimepima ile tik tik, sasa vokali zimekaa juu ya biti kabisa. Kimebaki ki-ssss kidogo cha nyuma, niondoeje bila ile sauti ya ndoo?

fundi_nyakato
Hiyo sauti ya ndoo inakuja ukiondoa kelele nyingi kwa mkupuo, programu inakata masafa ambamo na sauti ya mtu imo. Kabla ya kila wimbo waambie wanyamaze kabisa sekunde chache, chukua hicho kipande kama sampuli ya kelele, halafu punguza dB (desibeli) 6 tu, usiende 20. Kwa soprano na alto unaweza kukata kila kitu chini ya Hz 80, besi waache kama walivyo, noti zao za chini ziko jirani na hapo. Geini weka vilele viishie kati ya dB -12 na -6, ikigonga sifuri ikakatika hairudi. Na toa WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya 24-bit kwa kila sauti peke yake, zote zianzie sekunde sifuri, MP3 utatengeneza ya kurusha kwenye grupu la WhatsApp tu.

alto_wa_igoma
Sawa kaka. Besi tutaanza nao saa moja asubuhi.