Wenye ajensi za kulea wazee hapa Texas, ovataimu yetu mtaila mpaka lini?

Wakuu, nimenyamaza vya kutosha.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee hapa Texas. Shifti ni saa 12, siku tano kwa wiki, jumla saa 60. Malipo ni dola 13 kwa saa, kuanzia ya kwanza mpaka ya 60, bei ile ile. Ukiulizia ovataimu bosi anakujibu: "Nyie ni makontrakta, mnapata fomu ya 1099 (ile ya kodi ya wanaojitegemea, sio waajiriwa), ovataimu haiwahusu."

Uongo mtupu! Ratiba anapanga yeye, sare katoa yeye, mzee wa kumwogesha anakupangia yeye, na ukichelewa unakatwa. Kontrakta gani huyo? Sheria ya kazi ya Marekani, ile ya 1938, inaangalia kazi inavyofanyika, sio fomu uliyosainishwa. Ukivuka saa 40 kwa wiki, kila saa ya ziada ni mara moja na nusu, yaani dola 19.50. Kwa hiyo kila wiki anabaki na dola 130 za kila mmoja wetu. Pigeni hesabu ya mwaka mzima.

Texas nayo imetuacha hivi hivi. Kima cha chini ni kile cha taifa, dola 7.25, hakijaguswa tangu Julai 2009! Jimbo la Washington 2025 walikuwa dola 16.66. Kunyanyua mzee kitandani kunaumiza mgongo Houston sawa na Seattle. Na wanaokwenda kuhudumia wazee majumbani kwao hali ni mbaya zaidi, maana Julai 2025 Wizara ya Kazi ilipendekeza kufuta kanuni ya 2013 iliyowapa ovataimu.

Kinachoniuma zaidi, bosi ni Mswahili mwenzetu. Misiba tunachanga pamoja, halafu ukidai haki yako anakukumbusha makaratasi yako ya uhamiaji. Huo ni unyama. Saa ulizofanya unalipwa uwe na makaratasi au huna, na kukufukuza kwa sababu umedai ni kosa kisheria.

Madai yanarudi nyuma miaka miwili tu, mitatu ikithibitika alikusudia. Kila wiki tunayonyamaza, wiki nyingine ya zamani inapotea. Andikeni saa zenu wenyewe, pigeni picha ratiba kabla hajaibandua.

Aliyewahi kudai akalipwa hapa Texas aeleze alianzia wapi. Tuko wengi tunaotaka kwenda pamoja.