Mtoto wa miaka minne anaitwa "mzito"? Mzito wa nini?

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule madam wa shule ile ya geti la bluu, mnamjua, leo kamwandika mwanangu kiganjani kwa kalamu nyekundu: HAJUI. Daftari lipo, kaliacha, kaandika kwenye ngozi ya mtoto!

Ana miaka minne na miezi miwili. Kosa lake "e" imelala chali. Nafika kumchukua, kakunja ngumi, nikadhani kakamata panzi. Nafungua kidole kimoja kimoja, nakutana na HAJUI. Na kwa kuwa kusoma bado, ananiuliza, "Baba, mwalimu kaniandika nini?" Nilitamani ardhi inimeze na geti lake.

Nikamfuata ndani. Ananijibu mbele ya wazazi: "Wenzake wa kike wanaandika majina yao. Hawa wa kiume wazito." Mzito huyu anayepanda mwembe kuliko ngedere? Vidole havijakaza kushika penseli, basi! Sisi darasa la kwanza tulianza na miaka 7, ukivusha mkono juu ya kichwa hujagusa sikio, unarudi nyumbani ukacheze. Hata sera ya elimu, toleo la 2023, inasema la kwanza miaka 6, na awali mwaka mmoja kabla. Finland wanaanza na 7. Wangu wa minne anawahishwa wapi mpaka aandikwe kama gunia la mahindi?

Mpemba Halisi: Pole sana mkuu. Wa kwangu alirushwa la kwanza na miaka mitano. Leo yuko la nne, akiona daftari anaumwa tumbo.

Kiboko ya Ubungo: Nani alikutuma umpeleke na minne? Mlitaka nyumba ipumue, sasa unatulilia sisi.

Mleta uzi: Mimi na mama yake wote tunashinda kazini, nimwache na paka? Mpeleke acheze, aimbe, alale. Mimi nazungumzia KIGANJA.

Dada wa Mbagala: Afadhali kiganja kinaoshwa. Wangu gari la shule linampitia saa kumi na moja alfajiri, chai anakunywa kafumba macho.

Kiboko ya Ubungo: Kumi na moja ni mchana huo. Huku kwetu kumi na nusu, na dereva anapiga honi mtaa mzima unaamka.

Shemeji Yenu: Mmeshadaiwa hela ya joho? Mahafali ya chekechea, elfu arobaini, linavaliwa saa moja linarudishwa!

Dada wa Mbagala: Arobaini? Sisi hamsini, na keki mbali.

Mleta uzi: Wakuu, nimesugua kwa limao na sabuni ya mche, wino hautoki. Amelala kakunja ngumi vilevile.

Shemeji Yenu: Hiyo keki mnaichangia kwa kila mtoto au kwa familia?