JAMAA YA KAMBO (BIBI YETU): opsio, yaani fani ya masomo, ya Merveille

Alhamisi

07:12 Yaya Berthe: Habari za asubuhi jamaa yote. Mimi dada yenu narudia. Merveille wa Gisèle amepita TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuchagulia opsio, masomo yanaanza Septemba, na nafasi ya Elektrisite inashikwa kwa avansi, malipo ya kwanza. Mwisho Jumamosi saa sita mchana. Kila nyumba dola 30. Jibuni kwa pesa, si kwa kidole gumba.

07:14 Trésor: 👍🏾

07:14 Yaya Berthe: Trésor!!

09:03 Fiston: Amina

09:05 Yaya Berthe: Amina ya nini? Sijaomba sala, nimeomba dola.

10:21 Papa Déo: Yaya, pesa si shida. Shida ni opsio. Mtoto wa kike na Elektrisite wapi na wapi? Kichwa cha mwanaume kiliumbwa kwa mashine, cha mwanamke kwa watu. Aende Kupe-kuture, ya kushona, ama Pedagojia, ya ualimu, apate kazi ya heshima. Hata wataalamu wanasema ubongo wa mwanaume ni mkubwa zaidi.

10:24 Trésor: Papa, wa kwako ulipimwa ku mizani gani? Ya makaa ama ya bunga?

10:25 Papa Déo: Ngoja nipite hapo kwa Kambo jioni.

10:50 Mireille: Baba mukubwa, kwa heshima. Ni kweli, kwa wastani ubongo wa mwanaume unazidi wa mwanamke kama sehemu moja ya kumi. Moyo na mapafu vilevile, maana mwili wenyewe ni mkubwa. Karne ya 19 daktari Broca wa Paris aliweka bongo kwenye mizani kweli, akafika palepale ulipofika wewe. Watu wamechimba zaidi tangu hapo. Mwaka 2015 Daphna Joel na wenzake wa Tel Aviv walichunguza picha za bongo zaidi ya 1,400. Wenye ubongo wa "kiume" kila pembe, au wa "kike" kila pembe, walikuwa wachache mno. Wengi wetu tumechanganyika.

10:58 Papa Déo: Wamechanganyika huko kwao. Hapa kwetu Katuba, Lubumbashi, tunajua mwanaume ni nani.

10:59 Papa Déo: Na usinizungushe, mwanangu. Tofauti hakuna HATA MOJA?

11:06 Mireille: Ipo. Kugeuza umbo kichwani, kuona kitu kikipinduliwa kitakaaje. Hapo wanaume kwa wastani wanashinda, na si kidogo.

11:06 Papa Déo: Basi tumemaliza 😌

11:08 Mireille: Sijamaliza mimi. Toronto, mwaka 2007, Feng, Spence na Pratt waliwapa wanafunzi saa 10 za mchezo wa video wa mapigano. Pengo likapungua sana, na waliopanda zaidi ni wanawake. Sasa niambie, kitu kinachosogezwa na saa 10 za mchezo utasema kilizaliwa hivyo?

11:09 Trésor: Saa 10 tu??? Mie niko na miaka mu plestesheni, mnipe diplome ya enjenia

11:10 Fiston: Mchezo gani? FIFA inaingia?

11:10 Trésor: FIFA haihesabiki, ile njo wokovu wa roho

11:11 Fiston: Jana nilikupiga 4 kwa 0

11:11 Trésor: Umeme ulikatika!

11:13 Yaya Berthe: ACHENI MPIRA. Avansi!! Na wewe Déo, Sandrine Mubenga ni nani? Si enjenia wa umeme, Mkongomani, aliyewekwa mwaka 2020 kuongoza mamlaka inayosimamia sekta ya umeme nchini? Na roboti za kuongoza magari kule Kinshasa, si za Thérèse Izay Kirongozi? Au na yeye alikuwa anashona?

11:15 Papa Déo: Huyo wa umeme mwambieni kwanza aturudishie umeme.

11:16 Mireille: Na delestaji ya jana, huko kukatwa umeme, ilikuwa ya kiume ama ya kike, baba mukubwa?

11:16 Trésor: 💀💀

11:31 Yaya Berthe: Déo, stabilizateri ya friji yako, Pasaka, nani aliitengeneza? Nilikuwa nimekaa pale na sinia ya sombe. Mtoto akaifungua kwa kisu changu cha jikoni, akanusa ndani, akasema "ni hii" kabla hajagusa kitu. Waya umeungua kidogo tu, huku nyuma. Wewe ulikuwa umeshaita fundi wa dola 20.

11:33 Papa Déo: Alibahatisha.

11:33 Yaya Berthe: Alibahatisha. Kama mimi nilivyobahatisha asilimia 74 mwaka 1992, na aliyekuwa anarudia darasa ndiye akalipiwa.

11:34 Papa Déo: Yaya, tulisema hilo hatulifungui tena.

11:34 Yaya Berthe: NYINYI mlisema.

13:47 Kambo Marceline: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:48)

13:55 Yaya Berthe: Wengine hatuna mega za intaneti. Trésor, uko naye hapo, andika. Usiongeze kitu.

14:20 Trésor: Naandika kama alivyosema. "Nimesomewa yote. Wasichana wa kambi ya Union Minière, kampuni ya madini, tulipelekwa foyer: kushona, kupika, kuogesha mtoto. Wavulana wakapelekwa kufundishwa ufundi. Kichwa cha mtu hakikupimwa. Wewe huku, wewe kule, basi. Ya 1992 niulizeni mimi, si Déo. Merveille asome hicho anachotaka. Lakini sitaki kumuona juu ya nguzo, na salopeti, hiyo nguo ya kazi, isiingie kanisani."

14:21 Trésor: Amesema na Papa apite kesho asubuhi. Peke yake.

16:02 Papa Déo: Tumesikia, Mama.

16:40 Papa Déo: Ila fundi umeme asiyepanda nguzo ni fundi gani?

16:44 Mireille: Kuna bobinaji, kusuka upya waya za mota, kuna kuvuta umeme ndani ya nyumba. Hata hivyo nguzo nayo…

16:44 Yaya Berthe: Mireille, nguzo tutazijadili akifika mwaka wa tatu. Leo avansi.

17:10 Papa Déo: Nimetuma dola 15. Nyingine baada ya kuongea na Mama.

17:12 Yaya Berthe: Nimepokea 15. Fiston? Serge? Ya Rose? Nawaona mnasoma.

19:55 Papa Serge: Ndiyo natoka kazini, Kolwezi. Ujumbe 140, nani amekufa??

19:56 Yaya Berthe: Hakuna aliyekufa. Dola 30.

20:03 Papa Serge: Za nini?

20:04 Yaya Berthe: Panda juu usome.

20:31 Mama Gisèle: Samahani, simu haikuwa na moto. Asanteni wote, marehemu Léon angefurahi. Merveille anauliza tununue kitambaa cha salopeti au tungoje?

20:32 Yaya Berthe: Nunueni.

20:32 Papa Déo: Ngojeni kwanza, mulamu.

20:50 Papa Serge: Nimesoma. Mireille, hayo ndiyo unayosomea chuo kikuu, UNILU, kwa pesa yangu? 😂 M-Pesa inakataa, nitajaribu kesho.