Shakahola: Mackenzie tunamjua. Waliofukuliwa je?

Ndugu zangu, hili naomba tulijadili bila matusi.

Muulize Mkenya yeyote kuhusu Shakahola, ule msitu wa Kilifi, Pwani ya Kenya, atakutajia Paul Mackenzie, mhubiri anayedaiwa kuwaambia wafuasi wake wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Atakumbuka hata lile koti la waridi alilovaa kortini 2023. Sasa mwambie akutajie mtoto mmoja tu aliyefukuliwa kwenye msitu ule. Mimi mwenyewe siwezi, na linaniuma.

Miili zaidi ya 400 ilitolewa makaburini kuanzia Aprili 2023. Februari 2024 Mackenzie na wenzake walishtakiwa kwa mauaji ya watoto 191, wakakana. Wengi wa watoto hao walikuwa bado hawajatambuliwa. Yaani mshtakiwa ana jina, wakili na kamera, na mtoto hana hata jina.

Najua nitaambiwa kesi lazima iripotiwe. Sawa, iripotiwe. Ila sura ya mtu mmoja kila jioni kwenye runinga haisaidii kutambua maiti. DNA inahitaji ndugu wa damu ajitokeze atoe sampuli, na pale ambapo baba, mama na watoto wamekwisha wote, anayebaki pengine ni shangazi aliye mbali huko magharibi mwa Kenya, anayedhani dada yake alihamia Pwani kutafuta maisha. Huyo ndiye wa kutafutwa na redio. Miili ya kwanza ilikabidhiwa jamaa pale mochari ya Malindi Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye: minne, ya familia moja.

Hoja inayonisumbua zaidi ni hii: baadhi ya wazazi walienda kwa hiari na wakawanyima watoto wao chakula. Tutawaombolezaje? Sina jibu jepesi. Lakini upasuaji wa maiti ulionyesha kwamba si wote waliokufa kwa njaa. Wapo walionyongwa, watoto wakiwemo. Kwa hiyo neno "hiari" tulitumie kwa uangalifu. Na mtoto wa miaka mitatu hakuchagua kanisa. Tuanze na watoto, ya watu wazima tutabishana baadaye.

Wapo pia jamaa wanaoona aibu, wasiotaka jina la ukoo wao lihusishwe na msitu ule. Hao wasilazimishwe. Jina litajwe kwa ruhusa ya wenyewe.

Kithure Kindiki, alipokuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, alisema Shakahola itageuzwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa. Mimi nataka pawe na majina yao, si jiwe moja lenye idadi tu. Wanaopinga nawasikiliza, hasa ninyi wa Malindi na Kilifi mliokaa na msiba huu mlangoni. Na kwa yule mtoto ambaye hakuna ndugu aliyekuja kumtolea sampuli, mngependa pale paandikwe nini?